Siri ya Rosina Mpakani Hatta

Kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja huko Garhoud, mjini Dubai, yupo mwanamke ambaye wenzake humwita Siri. Ukiulizia Siri utaonyeshwa, tena kwa vicheko. Jina lake hasa ni Rosina, mtu wa Lushoto. Hilo la Siri alilipata kwa siku moja tu, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, kwenye ile barabara kubwa inayotoka Dubai, ikapasua milima ya Hatta na kuingia Oman.

Alikuja Dubai kwa viza ya matembezi. Akahangaika kutafuta kazi, akaipata kazi wakati viza imebakiza siku chache. Ili karatasi ya kazi ishike, ilimbidi atoke nchini na kuingia upya kabla viza ya zamani haijaisha, nayo ilikuwa inaisha siku hiyohiyo ya safari. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi hoteli ilimtaka kazini. Asipofika, nafasi anapewa mwingine.

Kulikuwa na jambo lingine, ambalo hakumwambia mtu. Siku ya kujaza fomu ya kazi, wakala aliyemtafutia nafasi alimgonga begani akasema, "Hapo kwenye watoto andika hakuna, dada. Wenye watoto hulialia, hawawataki." Rosina akaandika hakuna. Wakati huo Betty alikuwa na miaka minne, yuko kwa bibi yake, na halali mpaka ajifunike kanga ya mama yake.

Basi asubuhi wakapanda gari dogo la abiria pale Satwa, watu kumi na wawili, kila mmoja na karatasi zake. Dereva alikuwa Mzee Soud, Mzanzibari aliyezeekea Dubai. Kabla hajawasha gari aliwageukia.

"Wanangu, sikilizeni. Gari yangu haina bima ya Oman, hivyo miye nangoja upande huu. Basi la mpakani litawapeleka na kuwarudisha. Nikishaswali adhuhuri naondoka. Sihesabu vichwa, miye si mwalimu wa skuli."

"Na Kiarabu je, mzee?" akauliza Serah, msichana wa Nakuru aliyekaa na Rosina. "Sisi hatukijui."

"Kiarabu ni mjomba wa Kiswahili, bibi we. Neno usilolijua litafute humohumo mdomoni mwako, utalikuta."

"Na nikilikosa?"

"Utalikosaje, na mdomo wote huo?"

Gari zima likacheka. Rosina hakucheka, alikuwa analiweka lile neno akilini.

Mchanga ukaisha, milima ikaanza. Ilikuwa na rangi ya chuma kilichoungua, haina jani wala moshi wa jiko. Barabara ya kwao, ile ya kutoka Mombo, huuzunguka mlima taratibu kama mtu anayebisha hodi. Hii ilikuwa imeukata mlima kati na kupita zake. Baba yake alikuwa kibarua wa kuzibua mitaro kwenye ile ya kwao, na alizoea kusema kwamba barabara ya mlimani haina pa kugeuzia. Ukishaianza, imalize.

Mpakani mambo yalianza vizuri. Wakagongewa mihuri ya kutoka, basi la mpakani likawachukua, wakashushwa kwenye kituo cha Oman juu ya mlima. Serah akatangulia dirishani, akapewa pasipoti yake na kutoka bila hata kusikiliza alichoambiwa. Serah akishapewa chake huwa haulizi.

Ikaja zamu ya Rosina. Askari kijana akagonga muhuri, akafunua ukurasa, akagonga wa pili. Akamsukumia pasipoti, akapunga mkono.

"Siiri."

Rosina akabaki amesimama.

"Siiri, siiri!" askari akarudia, mkono ukielekea upande wa mlango na mabenchi.

Rosina akalitafuta lile neno humohumo mdomoni, na kweli akalikuta. Siri. Wamejua! Wameona kwenye kompyuta kwamba ana mtoto. Akaenda kukaa kwenye benchi alilodhani ameonyeshwa. Akalisikia basi la mpakani likinguruma nje, halafu likiondoka. Jua lilikuwa linakaribia utosini.

Alikaa akitazama kucha zake. Akafikiria kurudi Lushoto mikono mitupu. Halafu akamfikiria Betty akifichwa kwenye karatasi kama kitu cha wizi. Akafungua pochi, akatoa picha, akaenda dirishani na kuibandika kwenye kioo.

"Siri yangu ndiyo hii. Betty. My baby. Four years. Nilidanganya, lakini mtoto ni wangu na kazi naitaka."

Askari akaitazama picha, akamtazama na mama mtu. Uso ukamchanua.

"Mashallah! Mashallah!" Kisha, kwa upole kama anayemwongoza mgonjwa, "Siiri, siiri. Yalla."

Rosina akarudi nyuma hatua mbili, amechanganyikiwa. Ila yeye ni mtu wa kutazama, tangu utoto. Safari hii akatazama. Akaja dereva wa lori, Mhindi, akagongewa na kuambiwa, "Siir." Akaondoka. Ikaja familia, baba, mama na watoto watano, wakaambiwa, "Siiru." Wakaondoka wote, mpaka kale kachanga. Akaja mama mmoja mtu mzima peke yake. "Siiri." Naye huyo, akaondoka.

Rosina akajisemea, "Watu wote hawa hawawezi kuwa na siri moja."

Akaifungua pasipoti. Darasa la saba lilimfundisha kusoma tarehe. Muhuri wa kuingia ulikuwa wa leo, wa kutoka wa leo. Kumbe alikuwa ameruhusiwa muda wote huo!

Nje hapakuwa na basi. Mfagiaji mmoja akamwonyesha kwa vidole kwamba lingine ni baada ya saa moja. Rosina akavua viatu vya kisigino, akavitia kwenye mfuko, akavaa ndala. Akaanza kuteremka na ukingo wa barabara, malori yakimpitia kwa vumbi la mawe, joto likipanda kutoka kwenye lami kama kutoka kwenye chungu. Miguu ya Lushoto haiogopi mteremko. Kwenye kizuizi askari akainua mkono kumsimamisha. Rosina akamwonyesha mihuri, na kabla hajasemeshwa akauliza yeye.

"Siiri?"

Askari akacheka. "Siiri."

Chini, mbele ya kituo cha Dubai, aliliona gari la Mzee Soud likinguruma, mlango wazi, Serah amekaa kwenye ngazi na mguu mmoja nje.

"Amesema anafunga mlango," Serah akapaza sauti. "Nikamwambia afunge, atafunga na mguu wangu! Aki Mama Siri, ulikuwa wapi?"

"Kwani nimesema siri?"

"Umekuja ukiimba siri, siri, kutoka kule juu!"

Alipoeleza, Mzee Soud alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Siiri ni nenda, bibi we! Nenda zako!"

"Si ulisema ni mjomba wa Kiswahili?"

"Mjomba naye huwa na mambo yake."

Kwenye dirisha la Dubai muhuri wa kuingia ukagongwa. Alipoambiwa siiri, Rosina alikuwa ameshafika mlangoni.

Gari lilipoanza kuteremka milima, akatoa nakala ya fomu ambayo angeikabidhi hotelini kesho, akaazima kalamu ya Serah. Akakata neno hakuna kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Betty, miaka minne.

"Wataona umekata," Serah akanong'ona.

"Waone," akasema Rosina, akaikunja fomu.

Leo ile picha imebandikwa kwenye mashine ya kufulia namba tatu, na mvuke umeikunja pembe.