Mama Ngazi na Chumba cha Mkuu wa Ngome

Saa kumi na mbili na robo asubuhi lango la ngome bado limefungwa, na Mama Ngazi yuko juu ya ngazi yake, shavu karibu liguse jiwe. Anachokonoa ufa kwa bisibisi ndefu. Taratibu, bila papara, anachomoa mche wa mkuyu usiozidi urefu wa kidole, mizizi yote ikiwa mizima.

“Ukiukata unachipua tena, tena kwa hasira,” anasema, akiutia kwenye kopo la udongo. “Huu lazima uubembeleze.”

Ndege wa hifadhi ya msitu inayopakana na ngome hula matunda na kudondosha mbegu ukutani. Mche ukiachwa hapo, mizizi yake hupasua mawe yaliyopigwa na bahari kwa karne kadhaa bila kutikisika. Kwa hiyo kazi ya mama huyu wa miaka arobaini na saba ni kuing’oa miche ngomeni na kwenda kuipanda hifadhini. Kwa miaka kumi na tisa amehamisha zaidi ya elfu mbili.

“Huku ni wavamizi, kule ni wananchi wema,” anatania.

Mshahara wake haufiki theluthi ya anachopata mtembeza wageni mwenye leseni. Ndiyo maana leo saa nane mchana ana mtihani wa leseni hiyo. Aliwahi kuufanya akafeli, baada ya kutetemeka hadi akasahau ngome ilijengwa mwaka gani. Ukifeli mara ya pili, huruhusiwi kurudi.

Safari hii mumewe, fundi viatu, amekuwa akimuuliza maswali kila jioni huku akishona soli. “Mtihani wenyewe sasa naweza kuufanya mimi,” anasema mume huyo. “Tatizo lake si kichwa. Tatizo lake ni kile chumba.”

Chumba chenyewe kiko chini ya mnara, mlango wake mfupi kiasi cha kumlazimisha mtu kuinama. Miaka kumi na mmoja iliyopita Mama Ngazi alikuwa akikifagia, wanafunzi wakamuuliza kilikuwa cha nini. Akawajibu kwa utani kwamba mkuu wa ngome alikuwa akijificha humo mkewe akikasirika.

Watoto wakacheka. Mtembeza wageni aliyekuwa nao akacheka pia, kisha akauchukua utani kama ulivyo. Baada ya miaka miwili wote walikuwa wakiusimulia. Baadaye ukaingia kwenye kijitabu cha mafunzo, ukurasa wa tisa.

“Niliona aibu kusema,” anakiri. “Na kusema kweli, kidogo nilifurahi.”

Saa nane kamili mtahini anafika, mwanamume mtanashati aliyewahi kutembeza wageni hapa hapa. Wanazunguka pamoja: lango, kisima, mizinga, kisha njia ya hifadhini, ambako Mama Ngazi anaitaja miti kama anayewaita wanawe kuja kula. Hatetemeki hata kidogo. Halafu wanarudi chini ya mnara.

“Na hapa, mama?”

Jibu la ukurasa wa tisa analijua kuliko mtu yeyote duniani.

“Hapa palikuwa stoo ya chokaa, mwalimu. Ukikwangua pembeni pale chini, bado inatoka nyeupe. Ile habari ya mkuu wa ngome na mkewe niliitunga mimi, nikiwa na fagio mkononi.”

Mtahini anainama, anakwangua kwa ufunguo, anatazama vidole vyake vilivyojaa weupe.

“Miaka tisa,” anasema polepole, “nimewaambia wageni habari hiyo. Nilimwambia hadi mama mkwe wangu.”

“Nisamehe, mwalimu. Ukuta huu nimeupapasa miaka yote hii. Nimeshindwa kuusingizia mbele yako.”

Kisha mabega ya mtahini yanaanza kutikisika, na kicheko kinamtoka hadi anaegemea ukuta. Akishajifuta macho, anaandika alama, anageuza karatasi ili mama aione. Amefaulu. Mama Ngazi anakaa chini palepale kwenye sakafu ya chokaa na kulia kwa furaha, bila kujali sketi yake mpya.

“Niambie kitu kimoja kabla sijatia saini,” anasema mtahini. “Kuna vyumba vingine ulivyovitungia hadithi?”

Mama Ngazi anatazama dari. Anahesabu kwa vidole.

“Viwili, mwalimu. Na kisima.”

Jumatatu anaanza kazi mpya, na mpango wake ameshaupanga. Msafara wake wa kwanza hautakuwa wa wageni. Utakuwa wa watembeza wageni wenzake wote kumi na wanne, na amewaagiza kila mmoja aje na kijitabu chake na kalamu.