Kufuli Tulilolisomea Fatiha

Binamu yangu wa Mutsamudu angeweza kulivunja lile kufuli kwa amri moja tu ya kompyuta. Aliijua, ni yeye aliyenifundisha. Hakulivunja kwa sababu tulikuwa tumesoma Fatiha, na wazo la Fatiha lilikuwa langu, mimi hodari wa kujitia ucha Mungu nikitaka kushinda ubishi.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya nyakati za sala, mimi Moroni kwenye kompyuta ya ofisi, yeye Mutsamudu kwenye ya shule alikosomesha hesabu. Tuliigawa bure pamoja na msimbo wake wote, aitakaye aichukue, aifungue, aiboreshe. Tabu ilikuwa diski zetu zilizosafiri kwa ndege: kazi ya mmoja ilifuta ya mwenzake. Ikabidi tuchague mfumo wa kutunza matoleo. Jamaa yetu aliyekuwa akisoma Ufaransa alituletea miwili. Mmoja unamwachia kila mtu aandike kwake, kisha mnaunganisha. Mwingine ni wa kufuli: ukishalichukua faili, mwenzako anasoma tu, haandiki mpaka uliachie.

Binamu aliutaka ule wa kwanza. "Ndugu yangu, tuko visiwa viwili," alisema. "Mmoja akikwama, mwingine afanye kazi."

Mimi? Aa, wapi! Watu wa Mirontsy, mji jirani na Mutsamudu, walikuwa wameanza kuomba diski, nami niliogopa kila mtu atatia mkono kwenye hesabu zangu. Nilibishana mpaka akachoka. Aliposema haya basi, nikainua viganja palepale sebuleni kwao Mutsamudu, nilikokwenda kuwatembelea: tusome Fatiha, asivunje mtu kufuli la mwenziwe. Tukasoma. Mama yake akaitikia amina bila kujua anaitikia nini.

Karibu na Ramadhani nikalifunga faili la magharibi ili nilinyooshe. Mutsamudu jua hutangulia kidogo kuchwa kuliko Moroni. Zile dakika nikazipunguza mahali ambapo zilikwishapunguzwa. Nikatuma diski, kufuli sikuliachia. Binamu akachapa karatasi za nyakati, zikabandikwa madukani na misikitini mji mzima.

Siku ya kwanza ya mfungo watu walifuturu ilhali kutoka ngomeni, juu ya mji, jua bado linaonekana.

Asubuhi alinipigia ofisini. Sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Kosa nimeliona, ni mstari mmoja," alisema. "Niruhusu nifungue, nichape nyingine kabla ya magharibi. Watu wanakula mchana kwa mkono wangu."

Nilipaswa kusema fungua. Lakini roho iliniuma kwamba ameliona kosa langu kabla yangu. Nilitaka nilipate mwenyewe. Enzi zile mamluki wa kizungu ndio walioongoza kikosi cha walinzi wa rais, na Moroni nzima iliamini kuwa simu zinasikilizwa. Nikashusha sauti. "Kaka, haya si ya kwenye simu. Wale wazungu wanasikiliza. Subiri, nitatuma diski."

Wanasikiliza! Dakika za magharibi! Watu walikuwa wakipigwa kweli na wale majahili, nami nikaiazima hofu yao nifichie kiburi changu. Hata leo nikikumbuka naona haya, wallahi.

Akaniamini. "Haya, tusije tukakutia matatani," akasema, akakata simu.

Mengine nilihadithiwa na mama yake. Binamu alizunguka vichochoroni na kalamu, duka kwa duka, akirekebisha saa kwa mkono. Wenye karatasi majumbani hakuwafikia wote, wakafuturu tena kabla ya wakati. Ijumaa akasimama mbele ya fundi, ndivyo tunavyomwita shehe wetu, akasema kosa ni lake. Jina langu hakulitaja. Wazee waliolazimika kuzilipa funga zao wakaacha kuitikia salamu yake, mwalimu mzima, tena katika vichochoro ambamo watu hupishana bega kwa bega. Diski yangu ilifika baadaye, na kosa nililipata kwenye mstari uleule aliousema.

Makufuli tuliyaacha. Mamluki wameondoka zamani, programu ina watengenezaji wengi, na kila mmoja huandika apendavyo bila kumwomba mtu. Yeye, kabla hajagusa hata herufi, bado hunipigia.

"Ndugu yangu, unaweza kuzungumza?" huuliza, kwa sauti ya chini. "Hakuna anayesikiliza?"

"Hakuna, kaka."

"Basi niruhusu nifungue."