Kofi la mama kwenye biti

Saa tatu asubuhi. Prodyuza Mapigo amefunga dirisha la studio yake na kutundika blanketi juu yake, na chumba kinafuka joto. Feni ipo, ila mvumo wake huingia kwenye maikrofoni, kwa hiyo humu watu hutoka jasho tu. Nyuma yake msanii wa hip-hop amekalia ndoo iliyopinduliwa, anasubiri biti, mdundo atakaoimba juu yake.

"Watu wanadhani biti ni kubofya bofya," anasema prodyuza huyo, ambaye jina la Mapigo alipewa mtaani na sasa hata dada yake analitumia. "Kazi ni kuchagua. Ukikosea kiki, ule mdundo mzito wa ngoma, wimbo mzima unachechemea."

Kompyuta yake ina vifurushi mia mbili na kumi vya sauti za ngoma: kiki, snea, haihati, makofi. Vingi ni vya bure mtandaoni, na balaa ndiyo hiyo, maana kila prodyuza anavyo. Yeye hutumia sita. Kila kiki huisikiliza kwenye spika kubwa, kisha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa kuwa wasikilizaji wengi wana simu za namna hiyo. Ikigombana na besi, anaitupa.

Kifurushi cha saba alikitengeneza mwenyewe miaka minne iliyopita. Kina mlio wa kufuli, mlango wa bati, sufuria, na kofi la mama yake, aliyekuwa mshonaji.

"Nilimshikia simu nikamwomba apige makofi. Akaniuliza, 'Nampongeza nani?' Nikamwambia, wewe piga tu, mama. Akapiga mara moja, akaangua kicheko, kisha akanisema dakika nzima kwamba kazaa mwehu."

Mapigo akafanya kile ambacho prodyuza yeyote angefanya. Alikata kofi, akabakiza nusu sekunde, na rekodi nzima akaifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi.

Mama alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Msibani ndugu walipekua simu zao wakitafuta sauti yake, wakaambulia patupu, kwani hakupenda kurekodiwa. Limebaki kofi lile. Mwishoni mwake, kwa kuwa siku hiyo alikata ovyo, kuna mwanzo wa kicheko, kifupi kuliko chafya.

"Nilikuwa na dakika nzima ya mama yangu," anasema, macho kwenye skrini. "Nikaiona takataka."

Leo kofi hilo limo kwenye biti. Msanii anatikisa kichwa kwa kufuata mdundo, halafu anasita.

"Kaka, kofi ni kali. Ila lina uchafu kwa nyuma. Likate kidogo."

Mapigo anarudisha biti mwanzo, anasikiliza tena. Angeweza kukata nakala, na kofi lenyewe lingebaki salama. Hilo analijua kuliko yeyote. Mkono ndio unaokataa.

"Hilo silikati, mdogo wangu. Nakupa jingine."

Anafungua kifurushi cha bure, anachomoa kofi safi lisilo na mtu ndani yake. Msanii anafurahi, anaondoka na biti yake. Mapigo anakiri kwamba imetoka vizuri. Inafanana na biti zote za mtaa huu.

Tumaini lake lipo kwenye simu ya zamani aliyomrekodia mama, ambayo baadaye alimpa dada yake, ikaingia maji. Hakumbuki kama rekodi aliifuta humo pia. Fundi simu anayo kwa wiki ya tatu sasa.

"Aliniambia, 'Sikudanganyi, kaka, hii inaweza isiamke.' Jumamosi ndiyo nakwenda kupata jibu."

Hata hivyo ameshatengeneza folda tupu kwenye kompyuta, ameiandika Mama. Kila asubuhi huifungua, huifunga, ndipo anapoanza kazi.

"Ikipatikana sikati kitu," anasema. "Nataka nimsikie akinisema mpaka amalize."