Kwenye Maombi ya Mtihani, Ni Mimi Peke Yangu Niliyefumba Macho

Admin, nifichie jina tafadhali, maana darasa letu karibu lote linafuata ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, nasomea uuguzi katika chuo kimoja hapa Kisumu, mwaka wa mwisho. Mama yangu anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kule Asembo Bay, na tayari ameshawatangazia wenzake sokoni kwamba binti yake atakuja kuwadunga sindano bila uchungu. Jumatatu nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nikiropoka mnisamehe.

Rafiki yangu nitamwita Adhiambo, ingawa si jina lake. Tumekaa chumba kimoja mtaa wa Manyatta tangu mwaka wa kwanza. Tumeazimana nguo, tumekula kwenye sufuria moja, tumeuguzana malaria. Kwao ni Awasi, na mama yake hunipigia simu mimi kuuliza kama bintiye amekula.

Kabla sijamsema mtu, acha nijiseme. Mwaka wa kwanza niliingia mtihani na mwakenya, kikaratasi nilichojaza majibu kwa herufi ndogo nikakificha kwenye soksi. Sikushikwa. Aliyejua ni Adhiambo pekee, na alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka jana chuo kikaleta kiapo cha uaminifu. Tulitia sahihi mmoja mmoja, wazazi wakitazama: sitaiba mtihani, nikimwona anayeiba nitasema, na nikinyamaza mimi ni mwizi sawa na yeye. Mama alikuja na kitambaa chake cha kanisani kichwani, akalia kama ni harusi. Kuanzia hapo hakuna msimamizi tena. Mhadhiri anagawa karatasi, anatoka nje, anatuachia chumba. Nawaambia ukweli, kile kiapo kiliniingia. Niliona aibu ya ile soksi. Nikaanza kusoma kwelikweli, nikajaza madaftari matatu ya hesabu za dawa, na darasa zima likawa linayaazima.

Sasa, sisi tuna desturi. Mhadhiri akishatoka, kabla ya kuanza kuandika, tunasimama mtu aongoze maombi. Kiongozi wetu ni Adhiambo, ana sauti nzuri. Tangu kiapo kije nikaona maombi yanazidi kuwa marefu. Nikadhani Roho amemshukia rafiki yangu. Mimi hukaa mbele kabisa, na mimi nikiomba nafumba macho, ndivyo nilivyolelewa.

Siku ya mtihani wa hesabu za dawa, wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wameingia kwa wingi kupitia dirishani. Mmoja akaniingia puani. Nikapiga chafya, nikageuka kutafuta kitambaa, macho wazi. Jamani! Vikaratasi vinatembea mkono kwa mkono, kutoka nyuma hadi mbele, watu wote macho kodo. Adhiambo mwenyewe anaendelea, "Baba, tunaikabidhi mikono yetu kwako," huku akiniangalia mimi. Hakunyamaza hata kidogo. Alisema amina, wote wakaitikia amina, wakaketi.

Nilifanya mtihani wangu hadi mwisho. Nilijiambia nitamsubiri tufike nyumbani tuongee kwanza. Lakini mhadhiri aliporudi kukusanya karatasi aliokota mwakenya moja sakafuni. Ilikuwa fotokopi iliyopunguzwa ya daftari langu. Mwandiko wangu, mistari yangu ya kalamu nyekundu. Akaliandika jina langu la kupelekwa kamati. Adhiambo alikuwa anafunga begi lake.

Nyumbani nikamuuliza, "Mbona mimi? Mbona hata hukuniambia?"

"Ungetuchoma, ungeenda kutusema," akasema. "Wewe ile kiapo ilikushika. Tuliongea na wengine tukaonelea wewe uachwe tu ukiomba."

Waliniacha nikiomba! Mwaka mzima wamenizunguka, kila mtihani, na walichokuwa wakiibia ni jasho langu.

"Sasa sikia," akaendelea. "Wewe waambie ni daftari yako, karatasi ilianguka. Wewe ni mmoja, ukikiri mwenyewe utarudia mwaka tu. Sisi tuko thelathini na nane. Utaharibia watu wote hao maisha?"

Nikamwambia kiapo kinasema niseme. Akaniangalia kama mtu asiyenijua. "Ukitutaja, mimi pia niko na mdomo. Ile soksi ya mwaka wa kwanza sijasahau."

Mkuu wa chuo hujisifu kwa wageni kwamba tangu kiapo kije hakuna kesi hata moja ya wizi wa mtihani. Ni kweli, kesi hakuna. Zamani watu walimwogopa msimamizi. Alipoondolewa akabaki Mungu, naye tukamfanya pazia. Katika darasa letu kiapo kilimfanya mtu mmoja tu aache kuiba, na huyo ndiye aliyeitwa kamati. Tena hizi ni hesabu za dawa. Mwezi ujao tunapelekwa wodi za watoto. Namfikiria Adhiambo ameshika sindano na hajui kugawanya. Halafu namfikiria mama yake wa Awasi akinipigia simu.

Nikisema, darasa zima linafukuzwa, na mimi pia kwa ile soksi. Nikinyamaza, nabeba wizi wa wenzangu, na mama anaambiwa binti yake ni mwizi.

Jana jioni Adhiambo alikuja na wenzake watatu, akasema tuombe kwanza kwa ajili ya Jumatatu. Tukashikana mikono. Akaomba kwa ile sauti yake nzuri. Safari hii sikufumba macho. Yeye pia hakufumba. Tuliangaliana hivyo hivyo mpaka amina.

Kamati huanza kwa kumpa mtu Biblia aishike. Wazazi, dada, kaka mnaonisoma, mkono ukishakuwa pale juu, niseme nini?