Asubuhi Sita Kwenye Shimo la Himbi

Siku yangu ya kwanza kazini katika buro ya kupima udongo, nilifika mtaa wa Katindo, mjini Goma, nikiwa na viatu vipya na diploma ambayo hata mama yangu alikuwa hajamaliza kuwaonyesha majirani. Nilikuwa nimesoma uhandisi wa ujenzi kwa miaka mitano. Kazi niliyopewa ilikuwa kuhesabu.

Wanaume wawili walikuwa wakiinua uzito wa chuma juu ya fimbo na kuuachia uanguke. Kila ulipoanguka, fimbo ile yenye ncha ilizama kidogo ardhini, nami niliandika yamehitajika mapigo mangapi ili izame sentimita kumi. Chombo hicho ni penetrometa. Ardhi laini hutaka mapigo machache, ngumu hutaka mengi, na fimbo isipoenda tena unaandika neno moja la Kifaransa, refus, yaani imekataa.

Niliuliza kwa nini sentimita kumi na si tano. Niliuliza nani aliamua uzito uwe ule. Mmoja wa wale wanaume aliweka chuma chini, akafuta jasho, akamwambia mwenzake:

"Ndugu, buro imetuletea Madame Kwa Nini."

Jina hilo lilinikaa miaka yote kumi ya kazi yangu.

Asubuhi ile fimbo ilikataa kabla ya kuzama urefu wa mkono wangu. Niliandika refus, na kando yake nikaongeza: mwamba. Muzee Kambale, fundi mkuu wa mtambo wa kutoboa, mtu wa Butembo aliyekuwa ametoboa ardhi kabla mimi sijazaliwa, alisoma daftari langu juu ya bega.

"Mutoto yangu," alisema, "umegonga mulango ya mutu, imekataa kufunguka. Sasa unaandika nyumba yote ni mbao?"

Walicheka sana, nami nikakasirika sana. Mchana tulileta mtambo. Huo ni mashine inayozungusha bomba lenye meno ya almasi, huku maji yakimiminwa ili meno yasiungue. Maji tulinunua kwa vijana wa chukudu, zile skuta kubwa za mbao, madumu ya njano yakiwa yamepangwa juu ya mbao. Bomba likipandishwa, ndani yake unatoka mchi wa jiwe ambao tunauita karoti, unalazwa kwenye sanduku la mbao kwa mpangilio wa kina chake. Karoti ya siku ile ilianza na lava ngumu ya volkano yetu, unene wa kama meta mbili. Chini yake kulikuwa na kokoto nyepesi zenye matundu, ambazo ungeweza kuzivunja kwa vidole. Chini yake tena, udongo wa kahawia. Na katikati ya udongo huo, kipande cha sahani ya chuma chenye rangi ya buluu.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa na jiko lililofunikwa na lava au alimjua mwenye nalo. Nilifuta neno mwamba.

Baada ya miezi michache nilihamishiwa maabara. Huko udongo unakaushwa kwenye tanuri, unapepetwa kwa chekeche zenye matundu yanayozidi kuwa madogo, unabanwa hadi uchoke, na kila hatua inapimwa. Mkuu wa Maabara alikuwa baba mpole wa upande wa Bukavu ambaye hakukosa misa ya asubuhi. Alipenda kusema: "Udongo haidanganye. Mwenye kuandika ndiye anadanganyaka."

"Na kama sampuli imechukuliwa mahali pabaya, Papa?" nilimwuliza.

"Itasema kweli ya mahali pabaya."

"Sasa sisi humu ndani tutajuaje?"

Alivua miwani, akaitazama chekeche iliyokuwa mkononi mwake kama aliyeiona kwa mara ya kwanza. Wiki iliyofuata nilirudishwa uwanjani. Barua yake kwa Mkuu wa Buro ilisema kwamba maswali yangu yanafaa zaidi kwenye hewa wazi.

Nilikwenda mtaa wa Mapendo kupima ardhi ya shule, kisha barabara, kisha minara ya simu. Nilijifunza kuendesha mtambo, ingawa Muzee Kambale alikaa karibu kama mtu anayeangalia mtoto akibeba sufuria ya moto. Nilijifunza pia kwamba ripoti yetu hujibu swali moja: je, ardhi hii itaubeba uzito huu? Mwenye jengo analeta mchoro, sisi tunatoboa kwenye pembe zake, tunajibu. Sikuwahi kufikiri kuuliza swali lenyewe limetoka wapi. Mimi, niliyejiona nauliza kila kitu.

Mwaka wangu wa sita tulipelekwa mtaa wa Himbi. Kituo kimoja cha afya kilikuwa kinajenga nyumba ya uzazi. Aliyekisimamia alikuwa muuguzi ambaye kila mtu alimwita Mama Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyozoea kufika mwisho wa korido. Na korido ndiyo iliyokuwa shida yake. Wanawake waliojifungua walilala humo, kwenye mikeka, watu wakiwaruka kwenda kuchukua dawa.

"Angalia kwa macho yako," aliniambia siku ya kwanza, akimvuka mama aliyekuwa akinyonyesha. "Miye sitaki nyumba ya uzuri. Nataka huyu alale kitandani."

Kiwanja kilikuwa kidogo na kilikuwa na mteremko. Kwa hiyo mchoro ulikuwa na ngazi mbili: chumba cha kuzalia juu, na chini yake, kwenye sehemu itakayochimbwa ndani ya mteremko, chumba cha vitanda sita kwa akina mama waliokwisha kujifungua. Juu pia vingewekwa vitanda sita. Upande wa chini wa kiwanja ulikuwa umezibwa na ukuta mrefu wa mawe wa jirani.

Ardhi ilikuwa nzuri. Ile sehemu ya Himbi haikuwa na lava mpya. Ilikuwa majivu ya zamani ya volkano yaliyoshikana kama matofali. Tulitoboa pembe zote nne, tukapata matokeo ambayo mwanafunzi angeyatungia mtihani. Kwa ajili ya kuhakikisha, tulichimba pia shimo la mkono, kina cha meta mbili, pale kitakapokuwa chumba cha chini, ili tuone tabaka kwa macho. Ijumaa tukalizungushia kamba, tukaondoka. Ripoti ilikuwa tayari mezani kwa Mkuu wa Buro, ikingoja sahihi yake na yangu.

Jumatatu asubuhi mlinzi wa kituo alitungoja getini na kuku aliyekufa.

"Mumemwaga nini mu shimo?" alifoka. "Mafuta ya mashine? Kuku yangu aliingia muzima!"

Alikuwa amemvuta kwa fimbo yenye ndoano. Nilisogea kwenye shimo, nikapiga magoti ili nichungulie. Muzee Kambale alinishika kola ya shati nyuma kama unavyoshika mbuzi.

"Simama! Usiiname hapo."

"Kuna nini?"

"Mazuku."

Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa, lakini wasomaji wa mbali wanahitaji. Mazuku ni gesi inayopanda kutoka chini ya ardhi yetu ya volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa kwenye mabonde na mashimo, hasa alfajiri ambapo upepo umelala. Anayeingia humo hukosa pumzi na kuanguka. Mbuzi hufa hivyo, na watoto pia.

Haya yote niliyajua. Hata hivyo nilibisha. Kila mtu anajua mabonde ya mazuku, nilisema, na kiwanja hiki hakimo. Kuku mmoja si kipimo. Kuku hufa kwa mambo elfu. Muzee Kambale alikwenda kuomba mshumaa.

Niliuweka kwenye kopo, nikaufunga kamba, nikaushusha nikiwa nimesimama. Ulizimika kabla ya kufika katikati ya shimo. Nikauwasha tena, nikauzungushia chupa iliyokatwa ili upepo usiuguse. Ukazimika palepale. Saa sita mchana, upepo ulipokuwa umeamka, niliushusha hadi chini, ukawaka vizuri kana kwamba unanicheka.

Hapo nilielewa kosa letu. Kabla sisi hatujafika, kiwanja kilikuwa mteremko tu. Chochote kilichotoka ardhini kilitawanyika. Shimo ndilo lililoipa gesi mahali pa kukaa. Tulikuwa tumepima ardhi ilivyo. Chumba cha akina mama kingejengwa katika ardhi itakayokuwa imechimbwa, na ule ukuta wa jirani ungeifanya kuwa bakuli.

Mkuu wa Buro alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwenye haki, na hakuwa amewahi kuchelewesha ripoti hata moja.

"Walituuliza kama ardhi inabeba," alisema. "Inabeba?"

"Inabeba, Shefu."

"Basi jibu ni hilo. Gesi si kazi yetu."

"Ni kazi ya nani?"

Aliisogeza ripoti pembeni ya meza. Kisha akasema: "Nakupa wiki moja. Na uniletee kitu chenye kuandikwa, si kuku."

Nilikwenda Himbi asubuhi sita mfululizo, jua likichomoza. Muzee Kambale alikuja nami ingawa hakuna aliyemwamuru. Tuliazima kifaa cha kupimia gesi kwa watu wanaochunguza volkano, tukakishusha pamoja na mshumaa, tukaandika kina, saa na upepo. Asubuhi mbili kulikuwa na upepo kutoka ziwani, shimo likawa safi. Asubuhi nne hapakuwa na upepo. Mshumaa ulizimika mara zote nne, na kifaa kikasema kile ambacho mshumaa ulisema.

Siku ya sita Mama Titulaire alitoka koridoni, akasimama upande wa pili wa kamba.

"Niambie miye leo. Ndiyo ao hapana?"

"Juu, ndiyo. Chini, hapana."

"Tutaweka ventilateri ya kusukuma hewa."

"Na siku umeme umekatika, Mama?"

Wote tulijua siku hizo ni ngapi.

"Tutafungua madirisha."

"Gesi inakaa chini ya dirisha. Inakaa kwenye urefu wa kitanda." "Mtoto mchanga analala wapi, Mama?"

"Weye ni mwanamuke," alisema polepole. "Umepita mu ile korido. Na ndiye weye unaninyima vitanda."

Muzee Kambale aliingilia, kofia mkononi. "Mama, huyu mutoto ana kichwa ngumu, lakini si mubaya. Lete mushumaa uone mwenyewe."

Mama Titulaire akauleta mwenyewe. Akaushusha mwenyewe. Alipoona moto umekufa, aliendelea kushika kamba muda mrefu, midomo ikitembea kama anayesali au anayehesabu. Kisha akaja buro kuuliza kama wanaweza kuongeza ghorofa juu. Mkuu wa Buro alimweleza kwamba wafadhili wa nyumba ile walikuwa wamekubali mchoro ule tu. Mchoro mpya ungerudisha maombi mwanzo, na hakuna aliyeweza kumwahidi kwamba yangepita. Waliruhusu kupunguza tu, kwa hiyo alichagua kujenga nusu. Shimo tulilifukia siku hiyohiyo, na nyumba ikainuliwa juu ya nguzo fupi ili upepo upite chini yake. Vitanda sita badala ya kumi na mbili.

Nilitia sahihi ripoti ile, na Mkuu wa Buro akatia yake juu ya yangu. Tangu hapo, kila mchoro ulipofika, aliniita na kuuliza: "Watachimba hadi wapi?" Likawa swali la buro nzima.

Sasa buro imefungwa. Miaka hii hakuna anayejenga kitu kinachohitaji mtambo, na buro haiwezi kuishi kwa matumaini. Muzee Kambale amestaafu kwa umri, mimi nimestaafu kwa kukosa kazi nikiwa na miaka thelathini na tano, na watu hucheka nikilitumia neno hilo. Vijana wanaosoma uhandisi huniuliza kama nilikuwa sahihi Himbi. Siwezi kuthibitisha. Daraja likianguka, kosa linaonekana na kila mtu. Mtu ambaye hakufa hana jina, hana kaburi, hawezi kuja kunitolea ushahidi. Lakini wale wanaokosa kitanda wana majina. Ninachoweza kuwaambia vijana ni kwamba waandike walichopima, saa waliyopima, na swali ambalo hakuna aliyewauliza. Halafu wakubali kwamba jibu lao litamgharimu mtu.

Siku ya mwisho ya kazi tulikuwa tunaupeleka mtambo kwa mnunuzi. Muzee Kambale aliendesha lori, mimi nilikaa pembeni yake. Tulipita mbele ya kile kituo cha Himbi mchana. Getini alisimama msichana mjamzito aliyeinama akishika nondo za geti, na mama mkwe wake amemkumbatia kiunoni. Mama Titulaire alikuwa ametoka nje. Alituona, akatukimbilia katikati ya barabara, mikono juu.

"Vitanda imejaa!" alipiga kelele. "Na ambulansi haiko. Mupeleke ku hopitali, mbio!"

Tulimpandisha msichana. Nilijibana kando ya gia, mama mkwe akamshika kwenye mapaja yake.

"Nyumba nzuri hivi," mama mkwe alisema kwa hasira, "na vitanda sita! Nani alikataza bachimbe chumba cha chini? Batu banasema ilikuwa mu mchoro."

Muzee Kambale alinitazama kwa kioo.

"Ni mimi, Mama," nilisema. "Mimi ndiye niliyekataza."

Msichana aliguna, akanifinya mkono kwa kucha zake. Mama mkwe alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Ulikuwa na sababu?"

"Nilikuwa nayo."

"Ya kweli?"

"Niliipima."

Alinitazama tena kidogo, kisha akanigeuzia mgongo, akamgonga Muzee Kambale begani.

"Basi endesha, muzee. Endesha."