Viroboto wa Maji Hawakufa

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani mjini, nilikuwa nawaambia nafuga viroboto. Wengine walicheka, wengine walisogeza kiti. Ukweli ni kwamba kiroboto wa maji si kiroboto hata kidogo. Ni mdudu wa majini, wa ukoo mmoja na kamba wa baharini, mdogo kama punje ya chumvi, na mwili wake unapitisha mwanga. Ukimtazama kwa hadubini unauona moyo ukidunda na mayai yamepangana mgongoni. Jike huzaa bila dume. Akishiba, maji yakiwa safi na joto la wastani, anazaa kila baada ya siku chache mpaka unachoka kuhesabu. Baridi ya Julai ikiingia, anachelewa. Wakijaa chupani au chakula kikipungua, anaanza kuzaa madume, kisha anatoa mayai meusi ya ganda gumu, yanayoweza kungoja hali ibadilike. Nilimjua mdudu huyo kuliko nilivyowajua majirani zangu.

Maabara yetu ilikuwa ya mtu binafsi, ghorofa ya tatu katikati ya jiji, juu ya duka la simu. Watu walileta maji, sisi tukatia viroboto ndani na kungoja siku mbili. Wakifa, maji yana sumu. Wasipokufa, barua inatoka kwamba maji hayana madhara. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, cha waliokufa. Miaka sita nilijaza kisanduku hicho bila kujiuliza swali, na hilo silisemi kwa kujisifu.

Halafu yakaja maji ya kijito kimoja kinachotokea upande wa Spring Valley. Mwenye nyumba mpya za kupangisha alikuwa ametoboa ukuta wa kiwanja chake na kuelekeza bomba lake la majitaka kijitoni. Chini ya bomba hilo kina mama walilima sukuma wiki na nduma kando ya maji, na mmoja wao alikuwa senje wangu, dada ya baba, aliyenipokea nilipotoka kwetu magharibi na sanduku moja. Sukuma zake aliwauzia wasusi wa Kenyatta Market, waliozinunua bila kuinuka, mikono ikiwa nyweleni mwa watu. Tangu bomba lije, majani yalikuwa yakigeuka manjano yangali madogo, na nduma zikioza ardhini. Kina mama walienda kwa chifu. Chifu akaamua maji yapimwe, na matokeo yakitoka kila mtu ayakubali: maji yakiwa mabaya bomba linaondolewa, yakiwa mazuri kina mama wanyamaze.

Senje alipojua yanapimwa kwetu, alifurahi kupita kiasi. "Mtoto wetu ndio atapima," aliwaambia wenzake. Nilipaswa kumwambia bosi kwamba mmoja wa walalamikaji ni shangazi yangu. Sikumwambia. Nilitaka kazi hiyo iwe yangu.

Siku mbili zikaisha, viroboto hawakufa. Nilikasirika nao, kana kwamba wao ndio waliotoboa ukuta. Lakini nikaona wamezubaa, hawapandi juu kufuata chakula. Basi barua nikaichelewesha, nikaanzisha jaribio langu, la wiki tatu, ambalo hakuna aliyeniagiza. Chupa kumi za maji mazuri, chupa kumi za maji ya kijito, kila chupa na kiroboto mmoja mchanga. Kila asubuhi niliwatilia tone moja la mwani, chakula chao, nikawatoa watoto kwa pipeti, nikahesabu na kuandika. Jumapili tatu sikuonekana kanisani.

Wa maji mazuri walikua na kuzaa ilivyo kawaida yao. Wa kijitoni walibaki vidude. Walichelewa kupata mimba, na walipozaa, walizaa mmoja, wawili, wengine mayai yakaharibikia mgongoni. Walikuwa hai wote, wakiogelea, na hawakuwa na faida yoyote ya uhai. Nilikuwa na ushahidi mikononi na nilijisikia mtu.

Lakini nilikuwa nimeshakosea. Nimekulia nyumba ya watoto tisa. Kwetu aliyedhoofika huongezewa kijiko, hakuna anayeuliza kwa nini. Katikati ya wiki ya pili niliwaangalia wale wadogo wa kijitoni, nikawaongezea tone la pili la mwani. Nikafanya hivyo siku nne. Na kwa kuwa nilifundishwa kuandika kila kitu, nikaandika.

Bosi alilisoma daftari akiwa amesimama.

"Wamekufa?"

"Hawajafa, lakini hawazai vizuri. Hata kukua hawakui."

"Kwani hapa ni maternity?"

Nikamweleza. Akafika kwenye ukurasa wa tone la pili, akaweka kidole.

"Hii ni nini? Uliwalisha tofauti?"

"Waliongezewa, na bado walizaa kidogo. Hiyo inaonyesha maji ni mabaya zaidi."

"Inaonyesha umeharibu test. Ukilisha tofauti, hakuna kitu unalinganisha."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu ambaye hajawahi kumtilia kiroboto tone la chakula alikuwa sahihi. Nikamwomba tuanze upya, wiki tatu tu. Akasema mteja anataka barua leo, na kama mkono wangu ni mzito kuna wengi chini barabarani wenye vyeti kama vyangu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikaitia barua sahihi. Sikulazimishwa kwa bunduki, nilipewa kalamu.

Jumamosi iliyofuata senje alinikuta Kenyatta Market nikisukwa. Alikuwa na nakala ya barua kutoka kwa chifu, imekunjwa mara nne, na hakujua kusoma Kiingereza. Akavuta kigoda, akaniambia nimsomee, kwa sababu jina langu aliliona pale chini.

Nikasoma kwa Kiswahili, neno kwa neno. Maji yamepimwa. Viumbe wote waliotiwa ndani walibaki hai. Maji hayana madhara.

Aliichukua barua, akaikunja tena. Msusi naye alipunguza mwendo wa mikono, kwa sababu sukuma za senje alizijua.

"Umepima wewe mwenyewe?"

"Ndio, senje."

"Kwa hivyo ni mimi sijui kulima."

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mwanafunzi, mwanamke aliyelima tangu kabla sijazaliwa, akinitazama mimi mwenye kusoma nimwambie kosa lake liko wapi.

Nikamwambia labda ni mbegu, ajaribu kubadilisha.