Nafasi ya Ngoy

Batu ya Manika, kartie moja ya muji wa Kolwezi, benye balimujua Bilonda balikuwa banasema ule mama ana shingo ngumu, na ile mwaka Bakatanga balifukuza batu ya Kasai njo ilionyesha habakusema uongo.

Alizaliwa hapa hapa Kolwezi, ndani ya kambi ya batumishi ya mugodi. Baba yake balimutoa Kasai kuja kuchimba shaba, lakini Bilonda mwenyewe Kasai alikuwa anaisikia tu kwa kinywa ya bazee, sawa vile mutu anasikia habari ya mbinguni. Akaolewa na Ngoy, Mukatanga wa Bukama, shofere wa kamyo kubwa kule mugodi ya Mashamba. Mungu hakubapa mutoto, lakini alibapa masikilizano, na nyumba.

Siku bijana ya kartie balikuja, balimuambia Ngoy: "Tata, weye uko mwenetu, ubaki. Lakini hii kilulu yako ipande gari ya moshi, irudi kwao." Kilulu ni mududu. Ile siku batu yote ya Kasai, bakubwa na badogo, baligeuka badudu.

Bilonda akatoka na mwiko mukononi. "Kwetu ni hapa! Kitovu yangu iko chini ya hii udongo. Mwenye jembe achimbe aone."

Bakacheka sana. Halafu bakatupa sufuria zake inje.

Pale gare, kituo ya gari ya moshi, batu balijaa sawa mahindi ndani ya gunia. Ngoy akakuja kumuona kwa kujificha, akasimama pembeni sawa mutu mwenye kuangalia reli tu. Akasema bila kugeuza uso:

"Mi siwezi kupandia hapa. Bale bijana bakiniona napanda na batu ya Kasai, banatuua babili. Nitakamata kamyo, nikungojee kwa kituo ya Kamina. Kule hakuna mwenye kunijua. Weye unikamatie nafasi. Unapanda vago ya ngapi?"

"Ya tatu kutoka mbele."

"Ya tatu kutoka mbele," Ngoy akarudilia, akaenda. Hata mukono hakumupa.

Zile vago, behewa ya gari, zilikuwa sanduku ya chuma tu ya kubebea mizigo, bila kiti, bila dirisha. Bilonda akapanda na furushi mugongoni, alilifunga na kikwembe vile banabeba mutoto. Mwanaume mumoja, Mukendi, mwenye nyumba yake balikuwa bameichoma moto, akamutania:

"Mama, huyu mutoto wako amekomaa. Atashuka mugongo lini?"

Ile neno ilimuchoma, lakini akajibu pale pale: "Siku ataoa."

Batu bakacheka, na yeye akakaa. Upande moja yeye, upande ya pili furushi. Ile upande ya furushi njo ilikuwa nafasi ya Ngoy.

Kwa kituo ya Tenke balifungua machini, kichwa ya kuvuta gari. Ikapita pembeni yao, ikaenda kufungwa kule mwisho, gari ikaanza kwenda kwa mugongo wake. Bilonda aliiona inapita, lakini hakuiwaza, juu alikuwa anagombana na Mado, mama mumoja mwenye batoto bengi, mwenye kukaa na magoti kwa kidevu.

"Mama Bilonda, hii nafasi ni ya nani?"

"Ya bwana yangu."

"Simuoni."

"Anapandia Kamina."

"Jina yake nani? Tukimuona tumuite."

Bilonda akakaza fundo ya furushi. Mukendi alikuwa amekwisha kuapa akikuta Mukatanga mumoja ndani ya hii gari, anamutupa chini ya magurudumu. Na Ngoy ni jina ya kujisema yenyewe. Ukiisikia unajua mutu ametoka wapi.

"Bwana yako hana jina?"

"Ana jina. Iko kwa kinywa yangu, inapumuzika."

Kamina njo waya ya umeme inaishia. Balifungua machini ya umeme, bakafunga ya mafuta. Bilonda akasimama kwa mulango, muguu moja ndani, mukono moja juu ya furushi, anachungula uso moja moja. Kushuka hakuweza: mutu akishuka, nafasi yake inakufa. Kuita jina hakuweza pia. Machini ikapiga firimbi, batu bakakimbia, gari ikaanza kwenda. Ngoy hakuonekana.

Mado akasema polepole: "Mama, hii ni nafasi ya upepo. Acha mutoto anyooshe muguu."

"Upepo nayo inachoka. Iache ikae."

Aliendelea kukamata ile nafasi, na haya ilikuwa inamukula. Kwa roho yake alikuwa anasema: amechagua bandugu yake. Halafu anajikatalia: hapana, Ngoy si mutu ya vile. Halafu anawaza tena. Alitamani hata mukohozi yake ya vumbi ya mugodi, ile ya asubuhi, yenye alikuwa anaitukana.

Pori ikaanza kukaza. Yeye alizoea udongo mwekundu na jua; hapa muti ilisimama juu ya muti, kamba za pori zinaning'inia mpaka zinapiga batu benye kukaa juu ya vago, na kwa mulango ilikuwa inaingia harufu ya majani ya kuoza. Batoto ya Mado balishangilia nyani. Bilonda hakuangalia. Kwake ilikuwa ukuta tu, na kila muti ilikuwa inafunga njia kwa nyuma.

Halafu machini ikakufa katikati ya ule musitu. Batu bakashuka kutafuta mayi kwa mutoni. Bilonda akabaki na nafasi yake. Mukendi akarudi na bidon ya mayi, anacheka:

"Kule mbele kuna mwivi. Tangu Kamina, gari ikisimama tu, anazunguka ile vago ya tatu, anaangalia bamama kwa uso. Ukimuuliza, hasemi kitu. Leo batamupiga vizuri."

"Vago ya tatu kutoka wapi?"

"Kutoka mbele, mama. Sisi tuko nyuma."

Bilonda akaona tena kwa mawazo ile machini ya Tenke inapita pembeni. Mbele ilikuwa imegeuka nyuma! Akaruka chini. Furushi akaiacha, nafasi akaiacha, akakimbia juu ya mawe ya reli, mapapa, kandambili yake, kwa mukono. Kule batu balikuwa bamefanya duara, na mumoja alishika fimbo. Aite nani? Akiita Ngoy, amemuua. Akiita tata, batata yote banageuka. Njo akapiga kelele:

"Mwenye njala iko huku!"

Batu bakapasuka na kicheko. "Mama, sisi yote tuna njala! Panga mustari!"

Habakujua. Kila mwisho ya mwezi, Ngoy akirudi na gunia ya unga, posho ya kazi, alikuwa anabisha mulango na kuuliza nani iko kwa nyumba, na Bilonda anajibu vile. Ilikuwa mucheko yao babili tu.

Akapiga kelele tena, sauti inakatika. Na katikati ya duara, sauti ya mukohozi ikajibu:

"Posho imefika!"

Mwenye fimbo akaiangusha kwa kucheka.

Beye babili balipofika kwa vago ya nyuma, batoto ya Mado balikuwa bamelala kwa ile nafasi yote. "Upepo imehama," Mado akasema. Bakakaa kwa mulango, miguu inje. Mukendi akamuangalia ule mwanaume kutoka juu mpaka chini.

"Jina yako nani, tata?"

Bilonda akatangulia. "Ngoy."

Mukendi akainuka nusu.

"Ngoy ya wapi?"

"Ngoy ya mi."

Mukendi akakaa tena. Akasema, "Na posho yenyewe iko wapi?" akavuta muguu yake kidogo, Ngoy akapata pa kuegemea.

Bilonda alikuwa anafikiri Ngoy akipatikana, roho itapoa. Haikupoa. Akamuuliza:

"Ulifunga mulango?"

"Mulango gani?"

"Ya kwetu!"

"Nilitoka mbio. Niliacha vile."

"Wazi? Ngoy! Uliacha nyumba yangu wazi, mbuzi ya batu iingie mpaka chumbani?"

"Bilonda, bale bijana bangeivunja tu."

"Baivunje beye! Lakini weye ungefunga!"

Mado akafungua jicho. "Mama, uliteseka vile juu ya kuja kugombana?"

"Lala, Mado. Hii ni mambo ya nyumba."

"Nyumba gani?" Mado akauliza, bila ubaya.

Ngoy akainamisha kichwa, anaangalia viatu yake.

"Ya Manika," Bilonda akasema. "Ile ya mulango wazi."

Kule mbele machini ikakohoa, ikashika. Vago zikavutana moja moja, na beye babili bakageuza uso, bakaangalia reli kule gari ilikuwa inatokea.